Si Ana Bima?

Mwaka 2001, watumishi wa serikali tulipoanza kukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mimi nilikuwa katika wale walionuna. Mwajiri naye alikuwa anaweka 3 yake, jumla zinakuwa 6, lakini ile ya mwajiri hatukuwahi kuishika mkononi. Tuliyoiona ni yetu, imepungua kwenye slipu. Nilikuwa na miaka 35, mzima wa afya, nafundisha shule ya msingi Morogoro. Mama alikuwa kwetu Muheza, analima mihogo na kukuna nazi juu ya mbuzi huku anaimba. Katika ofisi ya walimu tulikuwa na usemi wetu: tunalipia wagonjwa wa watu.

Miaka ishirini baadaye mgonjwa wa watu akawa mama yangu.

Nianze na jina, maana ndiko nilikokwama kwanza. Mama nilimwandikisha kuwa tegemezi wangu mwaka 2016, na si kwa busara yangu. Mwalimu mwenzetu alifiwa na baba yake, akatuambia wakati wa chai kwamba fomu ya kumwandikisha mzee ilikaa kwenye droo yake mwaka mzima, haijajazwa. Alisema hivyo tu, akarudi darasani. Jumatatu iliyofuata nikaenda kuchukua fomu yangu.

Wanataka uthibitisho kwamba mzazi ni mzazi wako. Nikaona jambo jepesi: cheti changu cha kuzaliwa kina jina la mama, kadi yake ya mpiga kura ina jina lake, kazi imekwisha. Haikwisha. Cheti changu kinasema Mwanaidi. Kadi ya kura inasema Mwanaiddi. D moja imezidi. Mama alizaliwa siku ya Idi, ndiyo asili ya jina, na mwaka wenyewe hakuna anayeujua. Ule 1941 ulioandikwa kwenye kadi ulipatikana kwa wazee kuhesabu vidoleni nani alimtangulia nani kuzaliwa pale kijijini. Lakini dirishani 1941 haikumsumbua mtu. Iliyosumbua ni D.

Nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba Mwanaidi na Mwanaiddi ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ndiye aliyenizaa. Nilipompigia mama kumweleza, alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga yeye.

"Mwanangu, mie nimekuzaa usiku, mvua yanyesha, mkunga kachelewa. Leo waniapia kwa wakili?"

Shilingi 20,000 zikaenda kwa wakili, na kadi ikatoka baada ya mwezi na nusu. Kiapo kile nimekitunza mpaka leo ndani ya bahasha ya kaki, na nakala zake tano, kwa kuwa nimeombwa mara tatu zaidi tangu hapo, kila mara na mtu mpya aliyeiona D kwa mara ya kwanza. Kama wazazi wako bado wanatembea kwa miguu yao, toa makaratasi yao leo uyasome herufi kwa herufi. Mimi nilipata mwezi na nusu wa kusubiri kwa sababu mama alikuwa mzima. Mgonjwa akishakuwa wodini, mwezi na nusu ni muda mrefu mno.

Jambo la pili lilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Mchangiaji anaruhusiwa kuandikisha mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, wawe watoto, wazazi au wakwe. Mimi nina watoto watatu. Mume wangu ni fundi seremala, hana mwajiri wa kumkata wala wa kumwongezea, kwa hiyo ukoo wote ulikuwa unaning'inia kwenye slipu moja. Watoto watatu, nafasi imebaki moja, na mama wako wawili, wangu na wake.

Nilimweleza jioni, uani. Hakujibu. Alipiga randa ubao ule ule mpaka giza likaingia, ubao ukawa mwembamba kama rula. Wakati wa kula ndipo aliposema, "Mwandikishe mama yako. Makato ni yako. Wangu nitamkatia CHF." Huo ni Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao baadaye kwa huku mikoani ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Ni bima ya kweli, nisiisingizie, na kwa mtu wa kijijini mwenye malaria na presha imefaa sana. Ila milango yake ni michache kuliko ya kadi yangu, na mama mkwe alilijua hilo kuliko sisi tulivyodhani.

"Mie sina neno, mkwe," aliniambia. "Kadi ni kadi." Idi ile hakuja kwetu.

Mtoto wetu wa kwanza alipovuka umri wa utegemezi, nafasi yake nilimpa mama mkwe siku ile ile, sikungoja kuombwa. Alikuja na kuku wawili. Hatujawahi kulizungumza mpaka leo, na ninavyomfahamu, hatutalizungumza.

Juni 2021, alfajiri, mama alikuwa anatia udhu, mkono wa kulia ukakataa kushika kopo. Jirani alimkuta amekaa chini, kopo limemwagika, mdomo umekwenda upande. Walimpakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na kijana wa jirani, wakamfikisha hospitali ya wilaya, na kutoka pale akapewa rufaa kwenda ya mkoa. Kadi ilikuwa kwenye pindo la kanga yake. Alikuwa akitembea nayo hapo kila siku tangu nilipomkabidhi, kama wanawake wa umri wake wanavyofunga pesa, na kijana wa jirani alijua pa kuitafuta. Nilipofika kutoka Morogoro usiku, kadi ilikwisha sajiliwa, mama yuko kitandani na dripu mkononi.

Kiharusi, upande wa kulia wote. Tulikaa siku 11. Vipimo vya damu, dripu, dawa, kitanda, daktari asubuhi na jioni: sikutoa hata shilingi. Kitanda cha pili kulikuwa na bibi mwenye ugonjwa ule ule. Mwanawe aliuza simu, halafu nikamsikia nje ya wodi akiongea juu ya kuuza mbuzi. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wana haki ya kutibiwa bila malipo, ipo tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na kibao cha kumpisha mzee kwanza kilikuwa ukutani pale pale. Lakini dawa ikiwa haipo dirishani, msamaha hauendi duka la nje. Mimi ikiwa haipo nilikuwa napewa fomu, ile 2C, nakwenda duka lenye mkataba, napewa. Nilijikuta naiweka kadi chini ya mto yule kijana asiione. Sikuogopa kuibiwa, ilikuwa aibu.

Haya nayasema kwanza, na kwa sauti, kwa sababu yanayofuata ni malalamiko, na sitaki mtu aseme nimesahau zile siku 11.

Siku ya 12 tukaruhusiwa. Nesi mmoja mtu mzima aliniita pembeni, akaniambia nilete kanga. Akaikunja mara mbili kwa urefu, akaipitisha chini ya mama kuanzia mabegani hadi chini ya makalio, akanionyesha: unasimama upande huu, unashika pindo la upande wa pili, unavuta taratibu kuelekea kwako, mgonjwa anageuka mwenyewe bila kumvuta mkono wala bega. "Kila baada ya saa mbili," akasema, "usiku na mchana. La sivyo atapata vidonda vya kulalia, na hivyo navyo vinaua, si kiharusi peke yake." Kisha mto katikati ya magoti, mwingine mgongoni. Uji mzito, si mwepesi, kijiko kidogo, amekaa wima, kidevu kimeshuka kidogo ili asipaliwe, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Yote hayo nilifundishwa kwa robo saa, nimesimama, teksi inapiga honi.

Bima ilituaga hapo mlangoni. Nililielewa hilo baada ya wiki kadhaa tu. Bima hii inatibu, haiuguzi. Kitanda cha hospitali kinalipiwa, kitanda cha nyumbani ni chako. Nesi wa wodini analipiwa, mtu wa kumgeuza mama saa nane za usiku ni wewe. Fizio inalipiwa, maadamu mgonjwa amefika kwenye chumba cha fizio, na mgonjwa asiyeweza kukaa hafiki kwa miguu.

Nilimleta Morogoro. Mwezi wa kwanza nilimgeuza mwenyewe, simu nimeitega kila saa mbili, asubuhi naingia darasa la tatu lenye watoto zaidi ya 90 nikiwa nimevaa kiatu kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Watoto waliona. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Ikabidi nitafute dada wa kumuuguza mchana. Usiku mmoja, mimi nina homa, dada akalala moja kwa moja, na siku mbili baadaye tukaona alama nyekundu juu ya mfupa wa kiuno, kubwa kama kizibo cha soda. Ikafunguka. Kidonda kile kilichukua wiki tisa kufunga. Kusafishwa zahanati ni bure kwa kadi, lakini kumpakia mgonjwa mwenye kidonda kiunoni kwenye bajaji ni kukitonesha upya, kwa hiyo nilimlipa nesi jirani shilingi 5,000 kila anapokuja nyumbani baada ya zamu yake. Kwa hizo hakuna fomu.

Mimi ni mwalimu, naandika kila kitu. Daftari langu la Septemba 2021 liko hapa. Dada wa kuuguza 100,000. Pampasi za watu wazima pakiti tatu, 54,000. Bajaji kwenda na kurudi fizio mara nane, 64,000. Maziwa, mayai, unga wa lishe, ndizi, 60,000. Nesi wa kidonda mara sita, 30,000. Glavu, dettol na sabuni, 15,000. Jumla 323,000, na hapo mama "anatibiwa bure."

Tuko wanne kwa mama. Kaka yetu mkubwa ana duka Tanga mjini, mimi wa pili, mdogo wangu wa kike yuko Dar anauza vitenge Kariakoo, na wa mwisho, wa kiume, ni afisa kilimo huko Lindi. Tuna kundi la WhatsApp. Wiki ile ya hospitali lilikuwa linawaka moto: dua, salamu, picha za mama kijana, kila mtu anauliza atume ngapi. Nikaandika kwa fahari, "Msitume, bima imelipa yote." Ni sentensi niliyoijutia kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kwa sababu Septemba nilipoomba mchango, kaka alijibu kwa neno moja na alama ya kuuliza, kama vile hajaelewa swali: "Si ana bima?"

Si mtu mbaya kaka yangu. Angeuza friji ya duka mama akidaiwa hospitalini. Bili ya hospitali anaielewa, ina muhuri. Pampasi hazina muhuri. Nilipomweleza juu ya kugeuza usiku, alisema labda kwa mzaha kwamba Morogoro kuna Fungafunga, makazi ya wazee ya serikali, tena si mbali na kwangu. Makazi yale ni ya wazee wasiokuwa na mtu. Nilimwuliza tukifika getini tuseme mama ana watoto wangapi. Hakuandika chochote kwa siku nne.

Niliponea kwenye lile daftari. Nililipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikalituma kundini bila neno hata moja. Kisha nikaacha kuomba pesa. Mdogo wangu wa Kariakoo nikamwambia, wewe ni pampasi. Anazinunua jumla, anaziweka kwenye basi la Morogoro kila mwisho wa mwezi, na tangu siku hiyo haijawahi kupita mwezi hazijafika. Kaka mkubwa nikamwambia, wewe ni mshahara wa dada, mtumie mwenyewe moja kwa moja, na namba yake hii hapa. Wa Lindi, bajaji. Ajabu ni kwamba kaka, baada ya kuanza kumlipa yule dada, akawa anampigia simu kumuuliza mama kala nini. Mimi hakuwahi kuniuliza.

Mume wangu hakuwemo kwenye mgao, lakini Oktoba ile alichonga fremu ya kutembelea, miguu minne, ya mninga, na kitanda chenye ukingo unaoshuka. Hospitalini mtaalamu wa fizio aliipiga picha ile fremu. Mama alisimama nayo kwa mara ya kwanza Januari 2022, hatua tatu, halafu akaomba kurudi kitandani kwa sauti ya mtu aliyetoka shamba.

Juu ya fomu, nisikilize vizuri. Kila ukitibiwa kwa bima kuna fomu ya madai, na mwisho wa siku mgonjwa au aliyemleta anatia sahihi. Kuna kituo kimoja binafsi tulichokuwa tunakwenda kwa presha, karibu na nyumbani, watu wapole, kahawa ipo. Kawaida yao fomu unaisaini mapokezini, tupu, "ili mzee asichelewe." Niliisaini tupu mara mbili. Mara ya tatu nikasema nitasaini mwisho. Walipoileta nikaisoma kama ninavyosahihisha insha: kupimwa presha, sawa, dawa mbili, sawa, kipimo cha sukari, mama hakutobolewa kidole, kipimo cha figo, mama hakutolewa damu. Nilikuwa na kalamu nyekundu kwenye mkoba. Nikakata mistari miwili, nikaandika "haikufanyika" pembeni, nikasaini. Yule binti wa mapokezi aliniangalia kama nimemtukana. Hatukurudi tena, na ile pesa ningejuaje ililipwa mara ngapi kabla? Tulisema tunalipia wagonjwa wa watu. Kumbe tulikuwa tunalipia na wasioumwa.

Na ndugu nao wana kalamu zao. Mwaka 2022 mpwa wangu alikuja kuazima kadi ya mama ampeleke shangazi yetu. "Wazee wanafanana," akasema, "na picha yenyewe imefifia." Shangazi nampenda, aliniogesha nikiwa mtoto. Nilikataa, na msibani mwaka uliofuata nilikaa upande wangu na wao upande wao. Ila kadi ikikamatwa mikononi mwa asiye wake, anayebaki bila matibabu ni mama. Shangazi tulimkatia CHF kwa pesa ya watu watatu. Ilichukua siku nzima kwa mtendaji, na hiyo siku moja ndiyo hakuna aliyekuwa tayari kuitoa mwanzo.

Halafu Machi 1, 2024. Mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha bei za huduma, hospitali binafsi zikasema bei hizo hazilipi, na baadhi zikasitisha kuwahudumia wanachama. Mama alikuwa na kliniki siku hiyo hiyo, Ijumaa. Tulifika na bajaji, fremu imefungwa juu kwa kamba, tukakuta karatasi imebandikwa dirishani kwa gundi ambayo hata haijakauka. Mlinzi alikuwa anawaeleza watu kwa upole, mmoja baada ya mwingine. Mama akauliza nini. Nikamwambia leo kadi hawaipokei. Akaifungua kwenye pindo la kanga kwa mkono wa kushoto, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Imekwisha?" kama mtu anayeuliza juu ya betri.

Huduma zilirejea baada ya siku chache, lakini sisi tulishahamia hospitali ya serikali, tunaamka saa kumi na moja kushika foleni. Tangu hapo naweka dawa za presha za mwezi mmoja wa akiba, nanunua kidogo kidogo, kadi iwepo isiwepo.

Sasa nimebakiwa na la mwisho. Nilikuwa nimepanga kustaafu kwa hiari nikitimiza miaka 55, na ilikuwa Septemba ile ile ya 2021. Barua nilishaiandika. Kwa bahati nilipita ofisi ya mfuko kuulizia jambo jingine, nikamwuliza kijana wa pale, nikistaafu kadi zinakuwaje? Akanijibu kwa adabu, "Huduma zinaendelea kwako, mama, na kwa baba. Wategemezi hapana." Nikamwuliza tena, hata mzazi? Hata mzazi.

Nilirudi nyumbani nikaichana barua. Kwa hiyo nimefundisha miaka mitano ambayo sikuwa nimeipanga, nimemeza vumbi la chaki, watoto wale wa kiatu cheusi na cha kahawia wameshamaliza la saba. Watu wakiniuliza bima ya mama inanigharimu kiasi gani, huwa nasema asilimia 3. Wakiniuliza vizuri ndipo nasema hiyo miaka mitano.

Lakini miaka 60 haina hiari. Inatimia Septemba 2026, na kadi ya mama mkwe itakatika siku moja na ya mama. Kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ya mwaka 2023, na kila nikilalamika kuna mtu wa kuniambia nitulie, mambo yanakuja. Yaje. Mimi nina wazee wawili na dawa za mwezi mmoja.

Ilibidi turudi kwenye lile kundi la WhatsApp. Mdogo wetu wa Lindi ni mtumishi, anakatwa kama mimi, ila nafasi zake nne zilijaa watoto. Mwezi uliopita mwanawe mkubwa amevuka umri. Hakungoja nimwambie. Alituma ujumbe usiku: "Dada, mama nitamchukua mimi kwenye kadi. Nafasi ipo. Nimeshachukua fomu." Kwa mama mkwe bado tunahangaika, baba watoto anarudia habari za CHF, na safari hii nyumbani hakuna anayepiga randa kwa hasira.

Juzi mdogo wangu alinitumia picha ya cheti chake cha kuzaliwa ili nikilinganishe na kitambulisho cha mama kabla hajapeleka fomu. Nikavaa miwani, nikaikuza picha. Pale kwenye jina la mama karani aliandika maneno mawili: Mwana Idi.

Nilimpelekea mama simu pale kibarazani, alikuwa amekaa, fremu yake pembeni, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Nikamsomea.

"Na huyo naye," akasema, "kazaliwa na nani?"

Kesho nina vipindi viwili tu. Nikitoka napitia kwa wakili.